Bahari Iko Mlangoni, Bwawa Liko Wapi?

KATIKA jiji la Dar es Salaam ipo mitaa mingi inayoitazama bahari, lakini ni michache inayoishi nayo kama Kurasini. Huku ndiko makuli hurejea jioni na vumbi la shehena mabegani, ndiko malori hupanga foleni kungojea makontena, na ndiko honi ya meli inayoingia bandarini huwaamsha watoto kabla ya adhana na kabla ya kengele. Mkono wa bahari umepenya ndani ukaitenga Kurasini na Kigamboni, na tangu mwaka 2016 Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, limeziunganisha kingo hizo mbili. Mtu akisimama juu ya daraja hilo wakati maji yamejaa, atayaona yametanda chini yake, tele, wala hayana mwenyewe.

Mimi nimekulia huku, na kwa hiyo naijua siri moja ya watoto wa Kurasini. Mama hakuhitaji shahidi ili ajue kama mwanawe amekwenda kuoga baharini. Alimshika mkono, akamkwaruza kwa ukucha, na mstari mweupe wa chumvi ulipotokea juu ya ngozi, kesi ilikuwa imekwisha. Kilichofuata ni fimbo. Baadhi ya walimu nao walifanya vivyo hivyo asubuhi mstarini. Sisi kwa upande wetu tukajifunza kujimwagia maji ya kisima na kujipaka mafuta kabla ya kurejea nyumbani, na hiyo ndiyo elimu pekee ya kuogelea tuliyoipata kwa watu wazima.

Wazazi wetu hawakutuchapa kwa chuki. Tulipokuwa darasa la tano, mwenzetu mmoja aliyekaa dawati la mbele yangu alijaribu kuvuka mkondo wakati maji yanapwa. Maji yakamchukua. Wavuvi walimwopoa siku ya pili. Tulisimama kaburini tukiwa na sare za shule, na tangu siku hiyo amri ikawa moja tu: mtoto asionekane baharini. Amri hiyo ilikuwa na huruma ndani yake, lakini ilikuwa na upungufu mkubwa. Hakuna mtu hata mmoja aliyesimama mbele yetu akasema: "Njooni, tuwafundishe."

Ndugu msomaji, nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu ya kijana mmoja wa Kiafrika ambaye habari zake yafaa zisomwe katika kila nyumba iliyo karibu na maji.

Tarehe 25 Julai 2021, mjini Tokyo, vijana wanane walisimama kwenye vijukwaa vya kuanzia kwa ajili ya fainali ya Olimpiki ya mita 400, mtindo huru. Katika mchezo huu ipo desturi ya kugawa njia kwa kufuata muda wa mchujo. Aliyeongoza hupewa njia ya katikati, na walioponea chupuchupu hupelekwa pembeni. Katika njia ya nane, pembeni mwa wenzake wote, alisimama Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, mwenye umri wa miaka 18. Katika mchujo wa siku iliyotangulia alikuwa wa nane kati ya wanane waliofuzu.

Mita 400 ni safari nane katika bwawa la mita 50, na mwogeleaji hugeuka mara saba. Hapo nguvu ya mkono peke yake haitoshi. Panahitajika pumzi, hesabu na subira. Akienda kasi mno mwanzoni, misuli itagoma kabla ya safari ya saba. Akijibania mno, wenzake watakuwa wamekwisha kwenda. Jack McLoughlin wa Australia aliwaongoza hadi kona ya mwisho. Katika mita 50 za mwisho kijana wa njia ya nane akampita, akagusa ukuta kwa dakika 3 na sekunde 43.36. McLoughlin aligusa kwa dakika 3 na sekunde 43.52, na Kieran Smith wa Marekani akawa wa tatu kwa dakika 3 na sekunde 43.94. Tofauti kati ya dhahabu na fedha ilikuwa sehemu 16 za mia za sekunde moja, muda wa mtu kupepesa jicho.

Dunia ilishangaa. Watu wakasema ni bahati, ni miujiza, ni mtoto asiyejulikana aliyeibuka usiku mmoja. Maneno hayo ni matamu, lakini si ya kweli, na uongo wake unatudhuru sisi zaidi ya wengine. Maana mtu akiamini kwamba ushindi ni muujiza, hana haja ya kujenga chochote. Hukaa akangoja.

Hebu tuitazame njia aliyoipitia. Hafnaoui alizaliwa mwezi Desemba 2002 huko Métlaoui, mji wa machimbo ya fosfati ulio bara, mbali na pwani. Baba yake aliwahi kuichezea timu ya taifa ya mpira wa kikapu, kwa hiyo nyumba ile iliijua michezo. Lakini nyumba peke yake haitoshi kumfikisha mtoto Olimpiki. Akiwa na umri wa miaka 12 aliingizwa katika mpango wa taifa wa kulea waogeleaji. Mwaka 2018, akiwa na miaka 15, alipelekwa Buenos Aires kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana. Hakurudi na medali. Hakuna aliyemfukuza kwa sababu hiyo, wala hakuna aliyesema kwamba fedha za wananchi zimetupwa baharini. Aliendelea kuogelea. Toka umri wa miaka 12 mpaka 18 ni miaka sita ya kuamka alfajiri, na dunia iliona dakika tatu na ushei tu za mwisho wake.

Wala Hafnaoui hakuwa wa kwanza. Kabla yake alikuwapo Oussama Mellouli, mzaliwa wa Tunis, ambaye mwaka 2008 mjini Beijing alishinda mita 1500 mtindo huru kwa dakika 14 na sekunde 40.84, akamshinda Grant Hackett wa Australia aliyekuwa bingwa wa mbio hizo katika Olimpiki mbili zilizotangulia. Mwaka 2012 mjini London, Mellouli huyo huyo akashinda kilomita 10 katika maji ya wazi. Kwa hiyo Hafnaoui alipokuwa mtoto hakuhitaji kuambiwa kwamba Mwafrika anaweza. Alikuwa amekwisha kuona.

Na kabla ya Mellouli palikuwa na nini? Palikuwa na mkimbiaji. Mohammed Gammoudi aliipatia Tunisia dhahabu ya mita 5000 mwaka 1968 huko Mexico, mbele ya Wakenya Kipchoge Keino na Naftali Temu. Nchi hiyo, kama yetu, ilianza kujulikana duniani kwa miguu ya wakimbiaji. Lakini mwaka 1967 ilipoandaa Michezo ya Mediterania, ilijenga mji wa michezo wa El Menzah wenye uwanja, ukumbi na bwawa. Mwaka 2001 iliandaa michezo hiyo kwa mara ya pili. Kati ya mwaka 1967 na dhahabu ya Mellouli imepita miaka 41. Mwenye kupanda mnazi huwa anamfikiria mjukuu wake.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Taifa letu halina upungufu wa watu wenye pumzi ndefu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka 1980 mjini Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha. Tarehe 15 Septemba 2025, katika jiji lile lile la Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilomita 42 na zaidi. Nani basi atathubutu kusema kwamba Mtanzania hana moyo wa mbio ndefu? Moyo tunao. Kilichokosekana ni maji yaliyopimwa na mwalimu wa kusimama kandoni mwake.

Vijana wetu wa kuogelea wamejitahidi, na haifai kuwabeza. Khalid Rushaka aliogelea Beijing mwaka 2008. Magdalena Moshi alikwenda London mwaka 2012 na Rio mwaka 2016. Hilal Hilal alikuwapo Rio. Mwaka 2024 mjini Paris, Sophia Latiff na Collins Saliboko waliibeba bendera yetu majini. Lakini tazama, msomaji, ni mbio zipi tunazopeleka watu Olimpiki: mita 50, mita 100. Hatukuwa na mtu katika mita 400, wala 800, wala 1500. Taifa la Bayi na Simbu, linapoingia majini, hukimbia mbio fupi tu.

Sababu yake haihitaji uganga. Mwogeleaji wa mbio ndefu aliyekomaa huweza kuogelea kilomita 10 au zaidi kwa siku moja, alfajiri na jioni. Katika bwawa la mita 50 hiyo ni safari 200. Katika bwawa la mita 25 ni safari 400, na kila anapogeuka huusukuma ukuta kwa miguu, akapata kasi ya bure na pumziko dogo ambalo bwawa kubwa halimpi. Aliyezoea bwawa dogo akifika katika mashindano makubwa hukuta ukuta umesogea mbali. Na hata hilo bwawa dogo liko wapi? Kwa miaka mingi viongozi wa mchezo huu wamelalamikia kukosekana kwa bwawa la umma la mita 50, na mashindano yetu yamekuwa yakifanyika zaidi katika mabwawa ya shule za binafsi. Mtoto wa Masaki huweza kufika huko kwa miguu. Mtoto wa Kurasini hana karo ya shule yenye bwawa; anayo bahari, ambayo amekatazwa kuigusa.

Hapa ndipo penye dhuluma. Mchezo ambao vifaa vyake vya kwanza ni mwili na maji umekuwa, katika mji wa pwani, mchezo wa wenye nacho. Watoto waliozaliwa mita mia chache kutoka ufukweni wameachwa nje ya mlango. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwetu mambo yamepinduka: bahari yenyewe imekuwa haina faida kwa mtoto kuliko maji ya kifuu.

Wapo watakaosema: "Ndugu mwandishi, unazungumzia bwawa wakati zahanati hazitoshi na madarasa yamejaa?" Swali hilo ni la haki, na sitalikimbia. Kama faida ya kuogelea ingekuwa medali tu, ningekubali kwamba medali zingoje. Lakini kuogelea si medali tu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na mmoja kati ya kila wanne alikuwa mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano. Ndiyo sababu mwezi Aprili 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai iwe siku ya dunia ya kuzuia vifo vya maji. Mara ya kwanza siku hiyo kuadhimishwa ilikuwa tarehe 25 Julai 2021. Msomaji amekwisha kuikumbuka tarehe hiyo: ndiyo siku kijana wa njia ya nane alipogusa ukuta kule Tokyo. Mambo hayo mawili yalikutana kwa nasibu tu, lakini kwetu yafaa yasitenganishwe tena. Somo linalomfundisha mtoto asife maji ndilo hilo hilo ambalo bingwa huanzia.

Na sisi si watu wa kuhadithiwa habari za kufa maji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikateketeza mamia ya ndugu zetu. Mwezi Septemba 2011 ikawa MV Spice Islander njiani kwenda Pemba. Mwezi Julai 2012 ikawa MV Skagit. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Sitaki kumdanganya mtu: aliyefungiwa ndani ya meli iliyopinduka haokolewi na mikono yake, na hakuna elimu ya kuogelea inayoweza kushika mahali pa chombo kizima, nahodha mwangalifu na idadi halali ya abiria. Lakini kwa kila msiba mkubwa unaotangazwa redioni, vipo vifo vya mmoja mmoja visivyotangazwa: mtoto kisimani, kijana mtoni, mvuvi ambaye mtumbwi wake umepigwa na wimbi. Hao wengi wao walikuwa hatua chache tu kutoka kwenye uhai. Mwenzetu wa darasa la tano alikuwa mmoja wao. Laiti angejua kulala chali juu ya maji na kuuacha mkondo umchukue hadi penye kina kifupi, badala ya kushindana nao hadi nguvu zikamwishia, huenda leo angekuwa baba wa watoto.

Wapo wengine watakaosema: "Bwawa la nini, na bahari ipo?" Hawa nao wanastahili jibu. Bahari ni mwalimu mkali asiyerudia somo. Hujaa na kupwa. Mchana wa bamvua si sawa na mchana wa maji mafu. Leo hapa pana mchanga, kesho pana shimo. Katika mkondo wa bandari hupita meli na pantoni, na maji yake yana mafuta na taka. Mtoto mwanafunzi ahitaji mahali ambapo kina kinajulikana, maji ni safi, na mwalimu anamwona tangu anapoingia hadi anapotoka. Naye mshindani ahitaji maji yaliyopimwa, maana asiyejua umbali hawezi kujua mwendo, na asiyejua mwendo hatajua kama jana amesonga mbele au amerudi nyuma. Bahari ni ya kumkomaza mtu aliyekwisha kufundwa. Mellouli mwenyewe alianza bwawani, akaja kuyashinda maji ya wazi akiwa na miaka 28.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba jambo hili si la nchi za mbali. Kenya ilipojiandaa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987 ilijenga Kasarani, na ndani yake ikaweka bwawa. Mwaka 2008 mjini Beijing, Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, alifika fainali ya mita 100 za kipepeo akawa wa tano. Ni kweli kwamba Dunford alipata pia mafunzo Uingereza na Marekani, na ni kweli kwamba bwawa peke yake halizai bingwa. Lakini bingwa naye hazaliwi pasipo na bwawa. Sisi, hapa hapa Temeke, tulifungua mwaka 2007 uwanja wa watu 60,000 ambao leo unaitwa kwa jina la Benjamin Mkapa. Ni uwanja wa fahari, na soka yetu imefaidika nao. Ni wakati sasa wa kuuliza ni lini kando yake, au karibu yake, patachimbwa shimo moja la urefu wa mita 50.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba habari za Hafnaoui ni sukari tupu. Yatupasa tusome kitabu chote, si ukurasa wa picha tu. Baada ya Tokyo kijana huyo alikwenda kufanyia mazoezi Marekani. Mwaka 2023 huko Fukuoka alifikia kilele chake: bingwa wa dunia wa mita 800 kwa dakika 7 na sekunde 37.00, bingwa wa dunia wa mita 1500 kwa dakika 14 na sekunde 31.54, na wa pili katika mita 400, akikosa dhahabu kwa sehemu mbili za mia za sekunde. Hapo alikuwa na miaka 20. Kisha nyota ikafifia. Mwezi Februari 2024 mjini Doha hakufika fainali hata moja, na kwenye Olimpiki ya Paris mwaka huo hakuonekana. Mwaka 2025 akafungiwa kwa muda wa miezi 21. Kosa lake halikuwa kukutwa na dawa mwilini. Mwanamichezo wa daraja lake hutakiwa kutoa taarifa ya mahali atakapopatikana kila siku ili wapimaji waweze kumfikia bila kumwarifu, na akikosea mara tatu ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa amevunja kanuni. Hilo ndilo lililompata.

Kanuni ni kanuni, na mwanamichezo mtu mzima hana budi kulibeba kosa lake. Lakini sisi tunaozungumza habari za kulea vijana tujiulize swali jingine. Kijana aliyepewa dhahabu akiwa na miaka 18, akahama nchi, akabadili walimu na lugha, ni nani aliyekuwa akimkumbusha mambo madogo? Kumfikisha mtoto juu ni kazi; kumshika mkono akiwa huko juu ni kazi ya pili, na mara nyingi nchi zetu huifanya ile ya kwanza kwa shangwe na kuisahau ya pili. Tumeona hayo katika ndondi, tumeyaona katika soka na riadha. Mabingwa wangapi wamepokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na mashada, na baada ya miaka michache hakuna anayejua wanaishi wapi? Kwa hiyo tukitaka kujenga, tujenge vyote viwili: bwawa, na watu wa kumtunza anayetoka ndani yake.

Nini basi kifanyike? Nitataja mambo machache ambayo hayahitaji miujiza.

La kwanza, watoto wa shule za msingi zilizo karibu na maji, kutoka Tanga hadi Mtwara, na kando ya Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, wafundishwe kuelea na kuogelea kabla ya kumaliza darasa la nne. Samaki mkunje angali mbichi. Si lazima kuanza na bwawa la Olimpiki. Bwawa dogo la kina kifupi, linalotumiwa na shule kumi kwa zamu, laweza kuwafundisha watoto wengi kwa mwaka mmoja.

La pili, tuwatumie walimu tulio nao. Wamo wavuvi na mabaharia wa Kurasini, Kigamboni na Kunduchi ambao wameyajua maji maisha yao yote. Wafundishwe namna ya kufundisha na namna ya kuokoa, wapewe vyeti na malipo ya haki, nao washirikiane na walimu wa michezo. Mzee aliyewaopoa waliozama ana maneno ya kumwambia mtoto ambayo hayamo katika kitabu chochote.

La tatu, wasichana wasiachwe nyuma. Watu husingizia mila na dini, lakini kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea na kuokoa tangu mwaka 2011, nao wakiingia majini kwa mavazi ya kujisitiri ambayo wazazi wao wameyaridhia. Kama Nungwi yawezekana, Temeke haiwezekani kwa sababu gani?

La nne, bwawa la umma la mita 50 lijengwe Dar es Salaam, na liwe mahali ambapo mtoto wa mtu wa kawaida hufika kwa nauli moja ya daladala. Tangu siku ya kwanza lipangiwe fungu la umeme, pampu, dawa za maji na mishahara ya waokoaji. Maana bwawa lisilotunzwa hugeuka dimbwi la mbu, na dimbwi la mbu ni aibu kubwa kuliko kutokuwa na kitu. Kiingilio cha mtoto kiwe kidogo, na saa za shule ziwe bure.

La tano, kila kijana atakayechaguliwa kulelewa awe na mwalimu, shule, lishe na mlezi, na awe na miaka ya kutosha ya kushindwa. Hafnaoui alirudi Buenos Aires mikono mitupu, akangojwa miaka mitatu. Sisi tunao ugonjwa wa kutaka mavuno kabla ya masika. Kijana akishindwa safari moja tunamwita mtalii. Kwa tabia hiyo hatutapata mwogeleaji wa mita 1500, kwa sababu mbio hizo, bwawani na katika maisha, ni za wenye kungoja.

Taifa lenye watu zaidi ya milioni 61 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, lenye bahari upande mmoja na maziwa makuu pande nyingine, haliwezi kuendelea kuwaogopesha watoto wake maji. Woga umetulinda kidogo, lakini haukumlinda mwenzetu wa darasa la tano, wala hautawalinda wale ambao jioni hii, wakati makala hii inachapwa, wako chini ya daraja wakiogelea kwa siri.

Nilipita huko juzi. Niliwakuta watano au sita, weusi kwa jua, wakijirusha kutoka kwenye mtumbwi uliofungwa. Mmoja wao, mwembamba, wa miaka kumi hivi, alikwenda mbali kuliko wenzake akarudi bila kuhema. Mikono yake ilikuwa mirefu, na maji yalimpisha kama yanayomjua. Aliponiona amevaliwa macho na mtu mzima alitoka upesi, akaokota shati lake, akaanza kutafuta maji baridi ya kujimwagia ili mama yake asione chumvi.

Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Mtoto huyo nguo amekwisha vua. Sisi watu wazima ndio bado tumesimama ufukweni na viatu vyetu miguuni, tukishika fimbo.